Kalenda kwanza, tiketi baadaye (mleta uzi usilipe hiyo hela ya Kigoma)

Mleta uzi simamisha hiyo ratiba leo hii. Kama hujalipa usilipe, kama umeshatoa advansi mpigie huyo mtu sasa hivi umwambie unasogeza tarehe, mengine tutaongea.

Kwa wanaoingia sasa, jamaa ana likizo mwezi wa sita kuingia wa saba, anataka azunguke na mama yake wale vyakula vya mikoa, chakula chenyewe cha wenyeji siyo cha hotelini. Waanze Tanga, wapande Moshi, waende Kigoma kwa migebuka na dagaa, Bukoba kwa senene, Iringa waonje ulanzi, ile pombe ya mwanzi, wamalizie Zanzibar na pweza. Anauliza basi au gari binafsi, bajeti ya watu wawili, walale wapi, na mama ana tumbo jepesi itakuwaje. Halafu chini kabisa kaandika kwamba kuna mtu wa tua, wakala anayeuza safari, kamhakikishia "vyote hivyo vinapatikana mwaka mzima, wewe lipia tu".

Hiyo sentensi ya chini kabisa ndiyo imenitoa kitandani.

Hayo maneno nimeambiwa mimi, hayohayo, na mtu wa aina hiyohiyo, mwenye shati la nembo na simu imejaa picha za sahani. Na nikamwamini, nikampeleka mzee wangu Kigoma mwezi wa saba 2024. Sasa soma taratibu.

Mzee wangu kazaliwa Ujiji. Kaondoka kijana, kafanya kazi Dar mpaka kastaafu, na miaka yote hiyo ukimwekea samaki mezani, awe changu, awe kibua, awe sato mkubwa wa kukaanga, anakula vizuri, anashukuru, halafu anasema "ila huyu si mgebuka". Tumekua na hiyo kauli. Kwa asiyemjua, mgebuka ni samaki mrefu mwembamba, mgongo wa kiza na ubavu wa fedha, anapatikana Ziwa Tanganyika tu duniani, na wenyeji wanampika kwa mawese na nyanya mpaka mchuzi unakuwa mwekundu mzito unaong'ang'ania kwenye vidole, unakula na ugali wa muhogo. Nilipopata hela kidogo nikasema mzee sasa tunamfuata huyo samaki wako kwao, akafurahi mpaka akaenda kunyoa.

Nikalipa kila kitu kwa mtu wa tua. Usafiri wa ndani, hoteli, "chakula cha asili" siku zote, zaidi ya milioni, na kwenye karatasi ameandika kabisa kwa kalamu: migebuka fresh, mwaloni, yaani palepale boti zinaposhusha samaki. Nilimuuliza, nakumbuka nilimuuliza, sasa hivi samaki wapo? Akacheka. Akasema kaka, ziwa lile, samaki wataenda wapi.

Tumepanda basi Dar, tumelala kwenye siti, mzee miguu imemvimba, na kila basi likisimama kula ni palepale pa chips na kuku wa mafuta yaliyochoka, mzee anakataa, anakunywa chai tu, anasema anaacha nafasi. Tumefika, asubuhi yake hata hoteli hatujakaa vizuri tukaenda mwalo wa Kibirizi.

Naomba nikueleze nilichokiona kwa sababu ndicho utakachokiona wewe na mama. Meza za mbao za kuuzia samaki zimekauka nyeupe, magamba ya zamani yamegandia kwenye nyufa. Maboti yamevutwa nchi kavu, mengine yamefunikwa, fundi mmoja anakalafati, anasukumia pamba kwenye mwanya wa ubao kwa patasi butu, anagonga, anasogea, anagonga. Vijana wamekaa kivulini wanashona nyavu. Hakuna harufu ya samaki. Nimesimama mwaloni, Kigoma, na hakuna harufu ya samaki! Mzee akamsalimia mmoja Kiha, wakaulizana habari za nyumbani, halafu yule kijana akamwambia kwa upole kabisa, "Mzee wangu, ziwa limefungwa mpaka tarehe kumi na tano mwezi wa nane."

Mzee akaniangalia mimi. "Ziwa linafungwaje?"

Ndiyo hivi linavyofungwa. Nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, yaani Tanzania, Burundi, Kongo DRC na Zambia, zilikubaliana kupumzisha uvuvi miezi mitatu ili samaki wazaliane, na 2024 kwetu ikawa 15 Mei mpaka 15 Agosti. Siyo jambo lililofanyika kimyakimya usiku. Lilitangazwa miezi kabla, redioni lilisemwa, kwenye magazeti lilikuwepo, wavuvi waliitwa kwenye mikutano. Na sina ugomvi na kufungwa kwa ziwa, tuelewane, samaki wamepungua na mvuvi mwenyewe ndiye wa kwanza kukwambia, nyavu za siku hizi hazirudi na kile zilichokuwa zinarudi nacho zamani. Waache wazaliane. Ugomvi wangu ni na mtu aliyekaa ofisini anauza safari ya samaki na hajui kama ziwa lina samaki. Hiyo ndiyo kazi yake! Ndiyo kitu pekee nilichokuwa namlipa, kujua. Barabara naijua, hoteli naweza kutafuta mwenyewe kwenye simu, mimi nilikuwa nanunua kujua kwake.

Nikampigia palepale mwaloni. Unajua alinijibu nini? "Ila kaka sato si watawapikia?" Sato! Nimemtoa mzee Dar, ng'ambo mpaka ng'ambo ya nchi, kuja kula sato aliyesafirishwa kwenye barafu kutoka Ziwa Victoria. Nikamwambia nirudishie basi hela ya chakula, akasema hoteli imeshalipwa na menyu ni ya hoteli. Tukaenda hiyo hoteli, menyu kweli ina migebuka, imechapwa na picha, na mhudumu, binti wa watu hana kosa, akasema "kwenye menyu yupo, jikoni hayupo". Mzee akaagiza maharage yaungwe kwa mawese na ugali wa muhogo, akala hayo siku zote tulizokuwa pale. Dagaa wakavu walikuwepo sokoni wa akiba, wachache, na bei imepanda, mama muuzaji mwenyewe anakwambia hawa siyo wazuri mwanangu, wamekaa.

Asinicheke mtu hapa eti "si ungesoma habari". Wangapi wenu mnasoma matangazo ya uvuvi kabla ya likizo? Ndiyo maana mtu analipwa asome kwa niaba yako.

Na haikuishia hapo kwa sababu ratiba ilikuwa imeshalipwa yote. Kutoka Kigoma tukapanda, Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, Biharamulo, Muleba, mpaka Bukoba, kufuata senene. Mwezi wa saba! Mtu yeyote wa Kagera akisikia hiyo anashika kichwa. Senene wanaingia na mvua, msimu wao mkubwa ni mvua za vuli, Novemba na Desemba, na wanaweza kuja tena kidogo kipindi cha masika. Mwezi wa saba anga ni kavu, mdudu hayupo. Utauziwa wa paketi, waliokaangwa siku nyingi, na siyo kwamba ni wabaya, unaweza kupelekea watu nyumbani zawadi, lakini kama ulichofuata ni senene wenyewe basi hujawaona.

Nimewaona baadaye nilipokwenda kwa wakati wake, Novemba, na hapo ndipo nilielewa nilichokuwa nimeibiwa. Usiku wanawasha taa kali, wamesimamisha mabati kuizunguka, senene wanafuata mwanga, wanagonga bati, wanateleza mpaka chini kwenye mapipa. Asubuhi sokoni viroba vinatikisika vyenyewe. Wapo wa kijani na wapo wa kahawia, kina mama wamekaa na beseni mapajani, kidole gumba na cha shahada, mbawa zinatoka, miguu inatoka, haraka mpaka macho hayafuati. Halafu kwenye sufuria huhitaji mafuta mengi kwa sababu wana mafuta yao, chumvi, kitunguu ukipenda, mpaka walie kwenye meno. Wa moto, wa siku hiyo. Huyo wa paketi baada ya hapo utamla lakini utajua.

Sasa ndiyo maana nakwambia, na nitarudia mpaka unichoke: kalenda kwanza, tiketi baadaye. Chakula cha mkoa hakikai kinakusubiri kama jengo la makumbusho. Kina mvua yake, kina mwezi wake wa angani, kina siku yake ya gulio, na kina saa yake ya kutoka jikoni. Watu wote wanakwambia wapi pa kula. Swali lako wewe liwe lini.

Na usimuulize mtu wa tua, wala mapokezi ya hoteli. Hoteli itakwambia kipo, kwa sababu chips zipo, na kwao mgeni akishashiba hesabu imefungwa. Wala hawa wa video, anapiga picha Desemba anapandisha mwezi wa sita, wewe unaona sahani inafuka moshi unadhani ni ya jana. Muulize anayeuza. Tafuta mtu mmoja tu kwenye huo mji, kondakta wa basi la huko, bodaboda, mtu mliyesoma naye, mwombe akupe namba ya mama anayepika sokoni au mwaloni, na umpigie huyo mama. Salamu kwanza, usiparamie. Muulize sasa hivi mnapika nini. Usimtajie chakula, hapa ndipo wengi wanakosea, ukimwambia "migebuka ipo?" mwingine kwa ukarimu tu atakujibu itapatikana. Muulize leo umepika nini, na wiki ijayo utapika nini. Atakutajia mwenyewe, na kile asichokitaja hakipo.

Kwa samaki wa ziwani kuna na jambo la pili ambalo hakuna tangazo linalokwambia. Hata ziwa likiwa wazi, dagaa na migebuka wanavuliwa usiku kwa taa, taa inawavuta dagaa, na migebuka wanafuata dagaa maana ndiyo chakula chao. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haina nguvu, ziwa lote linang'aa, boti nyingi zinapumzika siku kadhaa. Ukifika mwezi mpevu utakuta samaki wachache na bei juu. Wavuvi wanahesabu giza, na wewe hesabu giza. Dagaa wa Mwanza nao ni hivyohivyo, taa na giza.

Sisi tulirudi na mzee mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, ziwa wazi. Safari hii nilishampigia mama mmoja anapika jirani na mwalo, akaniambia njooni zile siku ambazo hakuna mbalamwezi, na mfike asubuhi siyo jioni kwa sababu mimi samaki wangu mchana wamekwisha. Tukafika saa tatu asubuhi. Mgebuka alikuwa bado hajakatwa, amelala kwenye sinia, jicho kali. Mama akamkata vipande vinene, akamchemsha kidogo na ndimu na chumvi, pembeni mawese yanachemka na kitunguu, nyanya zikaingia, pilipili nzima bila kupasua, halafu samaki. Mzee alikaa kwenye benchi la jikoni, hataki kwenda kukaa kwenye meza, wanaongea Kiha na yule mama, wanatafutana ukoo. Bei yake, nakwambia ukweli, ilikuwa ndogo kuliko ile sahani ya sato wa barafu ya hoteli.

Haya turudi kwenye karatasi yako.

Kigoma mwezi wa sita, toa. Kabla ya kupanga tarehe mpya uliza kama mwaka huo linafungwa na lini linafunguliwa, ofisi ya uvuvi ya wilaya wanajua, na pale mwaloni kuna BMU, kikundi cha wavuvi wenyewe cha kulinda ziwa, wanajua mpaka siku. Bukoba kwa senene, toa, sogeza Novemba. Kama lazima upite Bukoba mwezi huo basi nenda kwa ndizi, zipo mwaka mzima, ndizi na maharage ya pale na kahawa ya kutafuna, lakini mwambie mama mapema kwamba senene siyo safari hii, usimwache akaenda na hamu.

Iringa ulanzi ni wa kipindi cha mvua, mwanzi mchanga ndiyo unatoa, ukifika mwezi wa sita unaokota mwisho mwisho. Mwezi wa pili, wa tatu, ndiyo uje. Kuna ulanzi mtamu wa kugemwa asubuhi na kuna uliokaa ukakomaa, mama mpe ule wa asubuhi.

Badala ya kulazimisha hivyo vitatu, tazama mwezi wa sita una nini chake. Kyela wanavuna mpunga kuanzia kama mwezi wa tano mpaka wa saba, kwa hiyo unakula mchele mpya, na mchele mpya wa Kyela ukifunuliwa sufuria jirani anajua. Tanga umeiweka vizuri, Muheza machungwa yanakuwa yamejaa, yamepangwa barabarani kwa mafungu, na Tanga yenyewe usikae hotelini, tafuta bada, ugali wa muhogo, na samaki wa kuchoma au mchuzi wa nazi, mchana. Jioni ndiyo kachori na mishkaki. Moshi nenda, ndizi hazina shida ya mwezi, lakini saa inakuhusu: mtori asubuhi, machalari mchana, na ukitaka kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, hicho mara nyingi ni cha nyumbani, siyo cha mgahawani, kwa hiyo siku ya gulio panda milimani ukale kwa kina mama wanaopikia wafanyabiashara wenzao. Kila eneo lina siku zake za soko, usikisie, uliza. Wakikwambia njoo Desemba wanasema kweli, Wachaga wote wamerudi nyumbani, mbuzi na ng'ombe wanachinjwa, lakini Desemba nafasi ya basi ya kwenda Moshi ni vita na chakula chenyewe kiko ndani kwa watu, bila mwenyeji utakiona kwa harufu tu.

Zanzibar. Hapa sikiliza vizuri kwa sababu mwezi wa angani unageuka. Pweza kina mama wanamfuata kwa miguu miambani maji yakitoka sana, maji ya bamvua, na bamvua linakuja mwezi ukiwa mpevu na ukiwa mwandamo. Maji mafu, yale yasiyotoka sana, pweza wa kufuatwa kwa miguu ni haba. Kwa hiyo mbalamwezi ileile inayokunyima dagaa kule ziwani, huku baharini inakupa pweza. Halafu vijiji vingine Unguja na Pemba vinafunga miamba yao miezi mitatu hivi ili pweza wakue, siku ya kufungua kijiji kizima kiko majini na pweza ni wakubwa kweli, ukiibahatisha siku hiyo hutasahau. Tena mwezi wa sita upepo wa kusi umeshashika, bahari chafu, ngalawa ndogo haziendi mbali, usishangae samaki wakiwa wachache siku mbili tatu. Urojo kuanzia alasiri, Forodhani baada ya magharibi, mkate wa mofa muulize mwenye tanuri anachoma saa ngapi na umsubiri hapohapo, mofa wa moto na wa saa mbili baadaye ni mikate miwili tofauti. Na ukipanga mwaka mwingine angalia Ramadhani imeangukia wapi, inarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. Mchana hutapata pa kula hadharani na wala usitafute, lakini ukiwa na mwenyeji akakukaribisha futari, mihogo ya nazi, magimbi, viazi vikuu, tambi, hapo umekula Zanzibar kuliko mgeni yeyote wa mwezi wa saba.

Na njiani pia kuna kalenda. Ukipita Tabora wakati wa mvua kuna uyoga wa porini unauzwa barabarani kwenye ndoo, ukipita kiangazi unakuta asali na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, yanaungwa kwa karanga. Usukumani kiangazi ndiyo cha michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, michembe inakatwa ikiwa mibichi na matobolwa yanachemshwa kwanza. Kusini Lindi na Mtwara korosho mpya kuanzia Oktoba, na mabibo yake yanadondoka kipindi hichohicho, mwezi wa sita mkorosho hauna tunda la kukupa. Nimetaja hivi uone kwamba hakuna mwezi usiokuwa na chakula nchi hii. Kuna mtu anayekuuzia mwezi usio wake, basi.

Tumbo la mama: ale kinachotoka jikoni wakati huo, cha moto, kwenye foleni ndefu ya wenyeji, na mawese aanze kidogo siku ya kwanza kama hajazoea, yanaweza kumwendesha. Chakula kilichopikwa saa yake hakimsumbui mtu sana, kinachosumbua ni cha mchana kilichopashwa usiku kwa ajili ya mgeni aliyechelewa kufika. Ndiyo maana basi la usiku siku hizi lina faida, unaamka umefika asubuhi, jiko ndiyo linawashwa. Ukisafiri mchana unafika saa moja jioni, kina mama wameosha sufuria, mji mzima kilichobaki ni chips mayai, halafu unarudi Dar unasema mkoa ule hauna chakula. Wapo wengi wanasema hivyo na wamekosea saa tu.

Huyo mtu wa tua mrudie na swali moja. Mwambie aweke kwa maandishi, kwa kila mji, chakula hiki kinatoka wapi tarehe hiyo na nani anapika, na kama hakipo hela ya chakula inarudi. Akianza kukwepa umeshamjua. Mwingine mzuri atakwambia mwenyewe hapana, mwezi huo usiende, na huyo mlipe, hata ukimlipa zaidi.

Kama likizo haisogei kabisa, basi ifanye Tanga, Moshi na Kyela, na Zanzibar ipange tarehe yake kwa bamvua, angalia kalenda ya mwezi kwenye simu usiku huuhuu. Kigoma umwahidi mama ya mwezi wa tisa. Namba ya yule mama wa mwaloni sitaiweka hapa bila ruhusa yake, nitampigia kesho asubuhi kabla hajaingia sokoni nimuulize, akikubali nakutumia inbox.